Meli Kumi na Mbili

Kila Jumamosi alasiri, akitoka karakana ya meli kule Mtongwe, mama fundi wa kuchomelea huingia saiba, duka la intaneti, na ovaroli yake, huketi kwenye kompyuta ya dirishani na kuunda meli za mchezo wa vita vya angani. Huziunda polepole, ngao kwanza, silaha baadaye, na vidole vyake vyenye makovu ya cheche hugusa kipanya kama kitu cha moto. Hapendi kusemeshwa; akisalimiwa, huitikia kwa kukohoa. Jumamosi hii alikuta meli zake zote kumi na mbili zimeteketea. Bramwel, mshirika wake mchezoni, aliyeketi ubavuni mwake, alikuwa amezituma zikashushe askari kwenye sayari ya adui kabla mizinga ya huko haijavunjwa.

“Uliniuliza?” fundi akamwambia.

“Pole, mathe. Si ni gemu tu? Utaunda zingine.” Bramwel akacheka.

Damu ikamchemka fundi. Miezi minne ya kuziunda! Na karakanani nako wenzake humwambia vivyo hivyo, kila wanapomharibia kazi: utachomelea tena. Akamwandikia adui kuomba amani yake peke yake, akangoja hadi akakubaliwa, kisha akaondoa vituo vyote vya ulinzi alivyoijengea sayari ya Bramwel. Hazikupita dakika tano.

“Mathe! Wanashuka kwangu! Nipe meli, hata moja!”

“Unda,” akasema, bila kugeuza kichwa.