Redio Haiitikii Hodi

Mimi si mtu wa kujigamba bure, lakini hili nitajigambia. Antena iliyo juu ya paa la kanisa letu hapa Mbotela ni yangu, na kuna Jumapili ilinusurika kushushwa.

Kupitia antena hiyo nilikuwa nauzia intaneti majirani wa mtaa nilikozaliwa. Ikaanza kusumbua asubuhi: watu wanajiunga na waifai, halafu hakuna kitu. Nikitazama skrini yangu ya kusimamia mtandao, kila programu ina taa ya kijani, pamoja na ile inayopokea wateja na kuwafungulia njia. Mchana tukizima seva, ile kompyuta inayoendesha programu hizo, na kuiwasha, mambo yanatengenea. Lakini kwa kuwa taa zilikuwa za kijani, niliwajibu kwa ukali kwamba simu zao ndizo mbovu. Fundi mwenzangu naye akaapa hivyo hivyo.

Kamati ya mtaa ikaniita.

"Wewe ni msichana wetu," mwenyekiti akaniambia, dereva mstaafu asiyezungusha maneno. "Lakini Jumapili tukitoka ibada na net haishiki, hiyo kitu inashuka."

Niliumia. Kufukuzwa na wageni ni biashara tu, ila hawa ni watu walionibeba mgongoni.

Jumamosi asubuhi nilikuwa kwa mama, nimenuna, chai inapoa. Mama alikuwa amesimama mlangoni kwa bibi wa nyumba ya pili, anayeishi peke yake. Kwetu mzee wa aina hiyo hubishiwa hodi kila asubuhi.

"Hodi!" Kimya. Ndani redio ilikuwa inaimba.

"Mum, si unaskia redio? Ako sawa."

"Redio haiitikii hodi," akasema bila kugeuka. Jirani mwingine aliwahi kuanguka bafuni, redio ikaimba hadi jioni na watu wakipita nje wameridhika. Mama alibisha mpaka sauti ikatoka: "Niko, mama, karibu!" Ndipo akaja kunywa chai yake.

Yangu niliiacha mezani. Skrini yangu ilikuwa inasikiliza redio! Ilitazama tu kama jina la programu limo miongoni mwa zinazoendelea kufanya kazi, na likiwamo inawasha kijani. Haikuwahi kuiuliza chochote. Nikafungua kompyuta, nikaipigia programu hodi, nikiomba njia kama mteja yeyote. Kimya. Jina lipo, taa ni ya kijani, jibu hakuna. Asubuhi watu walipoingia kwa pamoja ilielemewa ikaganda, na sisi tukaihesabu kuwa hai.

Tuliipanulia nafasi ya kupokea watu. Kisha nikaifundisha skrini adabu ya mama: bisha hodi kila dakika, na usipoitikiwa, washa nyekundu.

Jumapili, baada ya baraka, mtaa mzima ulitoa simu kwa pamoja. Nilikuwa nje na kompyuta mapajani. Kijani. Safari hii niliiamini. Mwenyekiti akampigia dada yake wa Kitui kwa video, na uso wa dada ukatokea, unacheka.

"Si nilisema huyu ni msichana wetu!" akatangaza.

Mama akapenya katikati ya watu, akainama kwenye skrini asiyoielewa.

"Inaitika?"

"Inaitika, Mum."

Akamgeukia mwenyekiti. "Juzi mlikuwa mnamshushia antena. Leo ndiye wenu? Huyu ni wangu."