Sahani za Mwanakuu

Mwanakuu binti Taib alitoka eda ya kufiwa na mumewe mwezi wa Shaabani, na kesho yake kaka yake Athmani akaja kumpa muda. Niliwasikia. Nyumba zetu pale Bondeni zilitengwa na ukuta mmoja, na ukuta wenyewe haukuwa mnene.

"Nakupa hata Idi," alisema Athmani. "Ukiweza kujilisha kwa huo mkate wako, kaa. Ukishindwa, wakuya kwangu, na nyumba hii twaipangisha."

Athmani hakuwa mtu mbaya. Lakini mkewe alitembea na ufunguo wa stoo kiunoni, na mwanamke mzima kumwomba wifi yake kikombe cha sukari ni adhabu. Mwanakuu aliiogopa adhabu hiyo kuliko njaa.

Kupika alijua. Mkate wake wa sinia, wa mchele na tui, aliupalia makaa chini na juu ya kifuniko, na harufu ya iliki ikavuka ukuta mpaka kwangu. Vita vya dunia vilikuwa vimekwisha, huo mwaka wa pili, lakini mchele ulikuwa bado wa kupigania. Hata hivyo, Ramadhani ilipoingia alipeleka sahani nyumba hii na nyumba ile watu waonje. "Chema chajiuza," aliniambia, nami kwa ujinga wangu nikakubali. Methali hiyo nimeisikia tangu utotoni, na bado sijamwona aliyeuza kwa kukaa kitako.

Watu wakasifu. Sahani zikarudi, na kwa ada yetu haikurudi hata moja tupu: hii ina sambusa, hii ina tambi, hii ina maharagwe ya nazi. Tulifuturu vizuri wiki mbili nzima, na hakuna aliyenunua hata kipande. Mchele ukawa unapungua.

Siku ya kumi na nane alinituma Ndia Kuu kwa Bi Sheikha, aliyeusifu mkate kuliko wote.

"Mwambie yeo ni senti kumi kipande," alisema bila kunitazama.

Nilikwenda na buibui langu na sahani mkononi, ulimi mzito. Bi Sheikha alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe ilikuwa biashara," alisema polepole. "Na sambusa zangu alizofuturia, nazo nimpelekee bei?"

Akanirudishia mkate, na juu yake sahani yetu ya jana, imeoshwa, haina kitu. Nilitembea kurudi nikiona kama mji mzima unaitazama sahani ile. Mwanakuu alipoiona alikaa chini jikoni akalia, nami nilikasirika, zaidi na nafsi yangu.

Kavumbi, mama wa Kigiriama aliyetuletea makaa, alitukuta katika hali hiyo. Alitua gunia lake, akaulizia kisa, akaambiwa.

"Bibi, mimi makaa nayaleta kwa gunia," alisema. "Mtu akiona gunia huuliza bei. Wewe wapeleka sahani. Mtu akiona sahani hukushukuru, kisha atafute cha kukurudishia. Sasa kosa lake ni lipi?"

Mwanakuu alipangusa machozi. Kisha akasimama, akaijaza mkate ile sahani tupu, akavaa buibui, akaipeleka mwenyewe. "Hii ni ya ujirani, Bi Sheikha, haina bei. Nisamehe." Bi Sheikha aliipokea, akafunga mlango. Hatukujua kama tumesamehewa.

Kesho yake hapakutoka sahani. Kila kipande kilifungwa katika jani la mgomba lililobabuliwa motoni, vikapangwa kikapuni, na Kavumbi akakubali kwenda kuviuza kwa fungu lake la mauzo. Mchele wa mwisho ulikuwa ndani ya kikapu kile. Kikirudi nao, hakuna wa kupika tena. Kuanzia alasiri Mwanakuu akisikia hatua za mtu nje husimama, zikipita hukaa. Tasbihi ilikuwa mkononi lakini sidhani kama alikuwa akihesabu kitu. Adhana ya magharibi ilikaribia, na Kavumbi hajaonekana.

Aliingia tende ziko midomoni mwetu, akakipindua kikapu mbele yetu. Halikuanguka hata jani. Alikuwa amesimama Ndia Kuu wenye maduka wakifunga milango, kila mtu ana haraka ya futari, na hakuna aliyeuliza la sahani kwa kuwa sahani haikuwepo. Siku ya tatu walikuwa wakimngoja.

Siku mbili kabla ya Idi, Bi Sheikha alimtuma mtu na fedha mkononi: ataka majani thelathini ya mkate, ya wageni wake.

Asubuhi ya Idi Athmani alikuja na hamali na mkokoteni wa kuchukulia vyombo. Hakuwa amesikia lolote. Alipoketi, Mwanakuu alimwekea mkate mbele yake, juu ya jani.

"Hata sahani huna?" aliuliza Athmani.

"Ninazo, kaka. Sahani ni za majirani na wageni. Wewe umekuya kuitazama biashara, na biashara ni senti kumi."

Niliona haya, siku ya Idi, tena kaka mkubwa. Athmani alilitazama jani, akamtazama dadake. Kisha akatia mkono mfuko wa kanzu akatoa senti ishirini.

"Na wa hamali," alisema.

Wakala wote wawili, na mkokoteni ukarudi tupu.