Upepo Wenye Njaa

Tabea hakuwa mtu wa kuweka kinyongo. Akiudhika alisema papo hapo, na ulimi huo huo ndio uliomponza. Mjane huyu wa Kimaasai aliishi nje kidogo ya Kilangali, akinywesha ndama wake kwenye birika la saruji, maji akiyaleta kwa punda kutoka mtoni. Ng'ambo ya njia aliishi Dotto, Msukuma aliyehamia na mumewe, na ndiye aliyemuuguza Tabea mwaka ule malaria ilipomlaza asiweze hata kushika kikombe.

Miaka ya mageuzi ya uchumi ilipofika, shamba la umma la mpunga lililowazunguka likaachwa lingoje mnunuzi. Pampu ilizimwa, majaruba yakakauka, wafanyakazi wakapunguzwa. Ndipo maji ya birika yakaanza kushuka upesi kuliko zamani, ingawa halikuvuja na ndama walikuwa wale wale. Tabea alipoona mchicha wa Dotto bado mbichi, hakutaka ushahidi mwingine. Alimkabili mtoni, mbele ya wanawake wenzao.

"Maji hayana miguu, Dotto. Nirudishie yangu."

Dotto alijitwika ndoo yake akaondoka. Tangu siku ile hakukanyaga tena kwa Tabea.

Baadaye Jovin, aliyekuwa mpima hali ya hewa pale shambani kabla ya kupunguzwa, alikuja kununua maziwa, akasimuliwa kisa chote.

"Mama, hata beseni letu la kupimia jinsi maji yanavyokauka, lililo ndani ya uzio wenye kufuli, lilikuwa likikauka upesi kuliko zamani. Maji yake nayo kayaiba Dotto?"

"Sasa yanakwenda wapi?"

"Hewani. Zamani upepo ulipita kwenye majaruba yenye maji, ukifika kwako umeshiba. Sasa ardhi imekauka, haina cha kuupa. Unafika wa moto na mkavu, unakula birika lako."

Aibu ilimshika Tabea. Alijaza maziwa kwenye kibuyu, akavuka njia.

"Shikamoo, mama," alisema Dotto, maana adabu ni adabu.

"Marahaba. Nimekukosea, mwanangu. Maji yalichukuliwa na upepo. Nisamehe."

"Nimekusamehe, mama." Alipokea kibuyu kwa mikono miwili. "Lakini shuleni Regina wangu anaitwa mtoto wa mwizi. Na huko nako utapeleka maziwa?"