Mwanga wa Stoo ya Mama Filbert

Mimi sina ugomvi na umeme. Nasema mapema, maana wapo watu hapa Kibosho wanaodai kwamba nilimchukia Filbert kwa sababu ya zile taa zake, na si kweli. Hata kwangu leo ninazo mbili, sebuleni na barazani, na yuniti za Luku zinakaa. Lakini habari hii ni ya mama yake, Lukresia, jirani yangu wa ng'ambo ya mfereji, na nitaieleza kama nilivyoiona.

Lukresia alikuwa mpika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Si ya kilabuni, ya shughuli: harusi, kipaimara, matanga. Alikuwa mwembamba na mkali, mtu wa kusali rozari huku akikukaripia kwa kukanyaga ulezi wake uliotandazwa juani. Moshi ulimharibia macho. Kwa hiyo Filbert, mwanawe wa pekee, alipopata kazi kwenye duka la vifaa vya umeme mjini, alimjengea nyumba ya tofali akabomoa jiko la zamani, pamoja na dari ambayo ndizi za pombe zilikuwa zikiiva juu ya moto.

Hapo ndipo Lukresia alipobuni utaratibu wake. Ndizi alizipanga stoo, akazifunika kwa majani makavu ya mgomba na magunia, akaning'iniza balbu mbili za wati mia, zile za kuchoma mkono, karibu kabisa, akafunga mlango na kuziba nyufa kwa matambara. Siku tano hakuna kufungua, kwa kuwa ukifungua joto linatoka, na Julai huku kwetu ukungu unakaa hadi mchana, ndizi inabaki kijani mpaka usahau uliikata lini. Kwa miaka mitatu njia hiyo haikumwangusha. Alitamba nayo, na sisi wenye majiko ya kuni alituita watu wa kale.

Sasa, kosa kubwa la Filbert halikuwa taa. Alipokuwa anajenga aling'oa masale ya mpakani ili lori la mchanga lipite. Machoni pa mgeni masale ni majani tu. Kwetu ndiyo mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, na ndiyo jani unalolifunga fundo ukienda kuomba msamaha. Yale yalipandwa na babu yake. Baba yake mkubwa, Primus, alisimama mbele ya ukoo akatamka kwamba aliyeng'oa masale ya baba asije akamzika. Neno kama hilo kwetu halipoi lenyewe. Mtu aliyezuiwa kumzika baba yake mkubwa hana ukoo tena, na siku yake ikifika hakuna wa kumtupia udongo.

Mwaka 2006 Primus alirudishwa nyumbani kutoka hospitali, tumbo limemvimba, ameambiwa akapumzike. Tulijua maana yake. Lukresia alifunga jani la sale, akaenda kumpigia magoti shemeji yake. Alikaa huko tangu asubuhi mpaka ng'ombe walipokamuliwa jioni, na aliporudi alikuwa analia na kucheka. Primus amekubali. Atakunywa kata moja ya mbege na Filbert, Jumapili ya wiki ya pili, mbele ya ukoo, na maneno yake atayafuta. Sharti lake lilikuwa moja: mbege hiyo itokane na ndizi za pale pale mpakani, na aipike Lukresia mwenyewe.

Filbert alizikata ndizi Jumatatu kwa mkono wake, mama akazifungia stoo, na kata atakayoinywea Primus akaitundika humo kwenye msumari. Jumanne mama alikwenda sokoni Kiboriloni kununua ulezi. Mwaka ule mabwawa yalikuwa yamekauka, umeme wa mgao, redio kutwa inahubiri kubana matumizi. Filbert akaja na boksi la zile balbu za enejiseva, nyeupe, zilizojikunja, akabadilisha nyumba nzima. Sebule, chumba cha mama, jiko. Na stoo. Alifungua mlango mara moja tu, akafunga, akarudisha matambara vizuri kama alivyoyakuta. Mtoto mwema, ndiyo ubaya wake. Stoo hata hakumtajia mama yake. Kwake ilikuwa taa mojawapo tu.

Lukresia alizipenda taa hizo, siwezi kusema uongo. Mimi niliona zinachelewa kuwaka na zinamfanya kila mtu aonekane mgonjwa, tena bei yake ilinitisha. Yeye jioni ile aliketi akachagua mawe kwenye ulezi bila kuomba macho ya mtu. Alisema Filbert amemrudishia ujana. Kila alipopita mlango wa stoo aliona mwanga unatoka chini yake, akaniambia kwa furaha kwamba ndizi za Primus zinaiva.

Jumamosi aliniita. Hakupiga kelele, aliita jina langu tu, mara mbili. Nilimkuta ameketi sakafuni katikati ya ndizi, zote kijani, ngumu, baridi. Mkono wake ulikuwa umeishika balbu inayowaka, ameikumbatia kwa vidole vyote. Nami niliigusa. Ilikuwa vuguvugu tu, kama yai lililotagwa sasa hivi.

Nilikimbia Kiboriloni kutafuta balbu za zamani. Nilipata moja ya mia na moja ya arobaini. Tulizifunga, zikawaka kwa saa moja, kisha ikafika zamu yetu ya mgao. Lukresia alikaa gizani amelala juu ya magunia kifudifudi, anazipa ndizi joto la mwili wake. Mtu mzima wa miaka sitini na nne. Sikuweza kumtazama.

Kuivisha upya siku tano, na kuchachisha siku nyingine tano, kungeipita Jumapili ya Primus. Nikamwambia mimi ninazo zilizoiva darini kwangu, achukue. Ndizi ni ndizi. Alikuja, akabeba mkungu mmoja hadi kwenye sufuria, akasimama nao muda mrefu, kisha akaurudisha. "Atakufa ameshika uongo wangu," alisema, "na mwanangu atabaki na laana ileile, ila tutakuwa tumeipamba."

Kesho yake, Jumapili, wiki moja kabla ya siku ya kata, alimpelekea Primus ndizi moja ya kijani na kumweleza yote. Mimi nilimsindikiza. Primus aliipapasa ndizi ile huku na huku, vidole vyake vimebaki mifupa. Nilidhani angekasirika.

"Nitasubiri, shemeji," alisema. "Wewe ivisha."

Tulizipandisha darini kwangu. Lukresia, aliyekuwa akinicheka kwa moshi wangu, aliketi jikoni mwangu siku tano anachochea, macho mekundu yanamchuruzika. Alhamisi zilikuwa njano. Alizimenya, akazipika, akaziacha zichache. Jumatatu, mikono yake imo kwenye uji wa ulezi wa kuchanganyia, akaja mjukuu wa Primus kutuambia kwamba babu amefariki saa sita. Lukresia hakutoa mikono kwenye sufuria. Aliendelea kukoroga.

Mbege ilikuwa tayari Jumanne asubuhi.

Tulimzika Primus Jumatano. Wazee walijadiliana, na mwanawe mkubwa, Eliamini, akatoa jibu kwa upole: baba alisema atasubiri, hakusema amesamehe, na kata hakuinywa. Filbert alisimama ng'ambo ya mfereji, upande wa kwangu, mpaka udongo ulipokwisha. Mbege ya Lukresia waliinywa. Walisema hajawahi kupika nzuri kama ile.

Jioni Filbert aliingia stoo akazifungua zile balbu nyeupe alizokuwa amezirudisha mama yake, akataka kuzipiga ukutani. Lukresia alimshika mkono.

"Zirudishe," alisema. "Hazikunidanganya. Mimi niliona mwanga chini ya mlango nikaridhika, sikupeleka mkono."

Filbert alizirudisha, moja baada ya nyingine. Stoo ikawa nyeupe tena, na kata ya Primus ilikuwa palepale kwenye msumari, haijalowa. Mama alimtazama mwanawe chini ya mwanga ule ambao sasa ulimwonyesha kila kitu.

"Mimi utanizika," alisema. "Wewe, Filbert, atakuzika nani?"