Mlango wa Nyuma wa Wodi ya Wanawake

Kazi yangu pale hospitali ilikuwa kufagia, kumwaga vyombo vya wagonjwa na kukagua mambo ya moto. Hiyo ya moto nilipewa kwa sababu nilikuwa nimemaliza kisomo cha watu wazima, na sista mkuu alisema anataka mtu asiyeona aibu kufokea watu. Hapo hakukosea.

Kila Jumatatu nilizunguka na daftari. Ndoo nyekundu za mchanga zimejaa? Hazikujaa kamwe. Jamaa za wagonjwa waliuchota mchanga wakasugulie masufuria, nikiwafukuza wananiambia, "Mama, moto wenyewe uko wapi?" Mapipa yana maji? Ile rimu ya lori tuliyoning'iniza iwe kengele, chuma chake cha kugongea kipo? Milango inafunguka? Nikimaliza naliweka daftari mezani kwa sista, maana wakaguzi wa mkoa hawakuwa watu wa kutoa taarifa. Gari linaingia, mtu anashuka, daftari linaombwa kabla ya salamu.

Mambo yote yalikuwa mepesi kuandika isipokuwa mlango wa nyuma wa wodi ya wanawake. Wa mbele watu waliingilia na kutokea. Wa nyuma ulielekea kwenye mikaratusi na chumba cha maiti, na waliopita pale walipita wamebebwa, wamefunikwa shuka. Hakuna aliyetoa amri. Lakini mtu mzima, mwenye pumzi zake, hapiti anapopitishwa marehemu kana kwamba ni mlango wa jikoni. Kitanda kilichokuwa karibu nao hakikulaliwa. Wodi ikijaa, wanawake walilala wawili wawili upande wa mbele, kile kinabaki kimetandikwa.

Mimi niliufungua kila wiki kwa ncha za vidole. Hata jua likiwa utosini ubaridi uliingia chini chini, ukakushika vifundo vya miguu, na pazia halitikisiki. Nikaurudishia, nikaandika: "Mlango wa nyuma unafunguka. Watu hawapiti."

Sista mkuu alikuwa mtu wa Songea. Aliniuliza, "Mama, mbona kila wiki unaandika hivi?"

"Kwa sababu kila wiki ndivyo ilivyo."

Akaliacha neno lilivyo. Sikumsikia akilitaja tena mpaka masika, siku jiko la mafuta ya taa la kuchemshia sindano liliporuka moto. Lilikuwa karibu na mlango wa mbele. Moshi ukauziba mlango ule wote. Niligonga rimu, nikakimbia kuzunguka nyumba, nikaufungua wa nyuma wazi kabisa, nikapiga kelele watoke.

Waliingia chini ya vitanda. Walikohoa, walilia, wakautazama ule mlango uliojaa mwanga, na hakuna aliyesogea. Mmoja aliniambia kwa Kikurya, kwa upole, kama mtu anayekataa chai, "Mimi hapo sijaitwa."

Wauguzi waliuzima moto kwa mchanga uliosalimika na masufuria. Hakufa mtu. Lakini habari zilifika mkoani, na mkaguzi akatuma neno: anakuja, na anataka kuona wodi nzima ikitoka kwa mlango wa nyuma, yeye akiwa anatazama. Wasipotoka, wodi inafungwa, wagonjwa wote wanapelekwa Musoma.

Sasa mke wa mwanangu alikuwa amelala mle. Walimleta kutoka Nyarero, mimba ya pili, mtoto amekaa vibaya tumboni. Wa kwanza tulimpoteza njiani, lori limekwama kwenye tope, sisi wanawake tumemzunguka kwa kanga. Daktari alisema safari hii asisafirishwe hata kidogo. Kwa hiyo msinieleze habari za kanuni. Kwangu mimi mlango ule ulikuwa mjukuu wangu, kupata au kukosa.

"Nitawaamuru wapite," sista alisema.

"Amri yako wanaiogopa, sista. Lakini hiyo si hofu ya kwanza kwao."

Aliyetufungulia njia ni bibi mmoja wa upande wa Sirari, mguu wake umefungwa plasta, mdomo haujafungwa. Alikuwa ametusikiliza kutoka kitandani kwake.

"Marehemu anatangulizwa miguu," alisema. "Sisi tutoke kinyumenyume, macho yakiangalia wodini. Mlango utafikiri tunaingia."

Sista akacheka. "Kwani mlango una akili, bibi?"

"Kumzidi mkaguzi wako."

Wanawake wakacheka, kisha mmoja akashtuka: mtoto wa mgongoni je? Si atatangulia kutoka kabla ya mama yake? Wakakubaliana watoto wabebwe kifuani. Sista akataka tufanye majaribio kwanza. Bibi akakataa. "Kujaribu ni kuzoea. Mlango ule hatutaki kuuzoea. Mara moja, basi."

Mkaguzi alikuja asubuhi, kavaa suti yake ya mikono mifupi, kalamu mfukoni. Shikamoo yake ilikuwa ya haraka. Akafungua daftari, akaweka kidole penye maneno yangu. "Watu hawapiti?"

"Leo watapita, ndugu mkaguzi."

Akaenda kusimama nje kwenye mikaratusi. Niligonga rimu, nikaja kusimama mlangoni.

Walitoka kimya. Sijawahi kuona wanawake wengi namna ile wakiwa kimya, migongo ikija kwanza, visigino vikipapasa kizingiti, nyuso zote zikitazama vitanda walivyoviacha. Bibi alikuja ameshikwa huku na huku. Mkaguzi alisema polepole, "Mbona wanatoka hivyo?"

"Ulitaka watoke. Wanatoka."

Mke wa mwanangu alikuwa wa mwisho. Alifika kizingitini, akashika fremu, akasimama.

"Mama, bado mtu."

"Nani? Wodi tupu hiyo."

"Kitanda cha mwisho. Amekaa. Anangoja aambiwe."

Niliangalia. Kitanda kile kisicholaliwa. Blanketi lilikuwa limebonyea ukingoni, kama linavyobonyea mtu akikaa kuvaa viatu.

"Toka," nilimwambia.

"Nikimwacha atabaki na mimi."

Alikuwa ameuziba mlango kwa tumbo lake. Nyuma yake wenzake walianza kunong'ona, na mmoja akainua mguu kutaka kurudi ndani. Nilijua: huyu akirudi, wote watarudi, na mkaguzi ataandika alichokiona. Tope la barabara ya Musoma nililiona vizuri kabisa, na lori ndani yake.

Nikajipenyeza kando yake, nikaingia. Nilikwenda mpaka pale kitandani, nikasema kama ninavyowaambia wagonjwa wote, bila kubembeleza: "Haya mama, simama. Tunatoka wote. Vitu vyako utavirudia." Nikatoa mkono.

Uzito ulikuja. Sitaongeza wala kupunguza. Ulikuwa uzito mdogo, wa mtu aliyeugua siku nyingi. Nikatembea kinyumenyume nikimwongoza, polepole, maana hakuwa na haraka. Mke wa mwanangu aliposikia hatua zangu alirudi nyuma, akavuka kizingiti, akatupisha. Hakunitazama mimi. Alitazama kando ya mkono wangu.

Tulipofika kwenye nyasi nikasema, "Kaa hapa," na mkono ukawa mwepesi.

Mkaguzi alikuwa ameshika kalamu, haandiki. "Huyo wa mwisho," aliniuliza, "uliyemshika mkono ni nani?"

"Wodi ni tupu, ndugu mkaguzi. Ingia uhakikishe."

Aliutazama mlango. Kisha akazunguka nyumba yote akaingilia mbele. Aliporudi aliandika kwamba wodi imetoka na iendelee na kazi, akatia sahihi, akaondoka bila kunywa chai.

Mtoto alitolewa kwa kupasuliwa, wa kiume, analia kama amedhulumiwa. Nilikuwa nafagia chini ya kitanda, mama yake akaniita.

"Mama. Yule ulimwacha wapi?"

"Nje. Penye jua."

"Alisema kitu?"

"Nyonyesha mtoto."

Akamnyonyesha. Baadaye kidogo akasema, macho chini, "Mimi nilimsikia. Aliuliza kama ni msichana, apate wa kurithi jina lake."