Chumvi ya Ng'ombe

Juzi, katika duka moja Nanyuki, niliona ndoo ya chumvi ya kufugia samaki wa baharini, nikakumbuka tangi la samaki la mama. Baba alimnunulia alipomtoa Mombasa kuja kuishi kwenye baridi ya Nyeri. Chumvi yake ilipoisha, baba alileta ya ng'ombe kutoka Karatina.

"Hii ndio iko na madini yote," alisema, akiikoroga tangini kwa mwiko. "Hata ng'ombe zinanenepa nayo."

Maji yaligeuka rangi ya chai, yakanuka chuma. Jioni samaki wote walikuwa wakielea, wamekufa. Mama alichovya kidole, akaonja.

"Hii si bahari, Baba Njeri."

Nilidhani anasema juu ya maji, nikakimbia jikoni kumletea chumvi ya kupikia. Niliporudi alikuwa anakunja leso zake za Mombasa, akizipanga sandukuni.