Kiongozi wa Njia ya Matete

Shemeji yangu Jahaish huwatembeza wageni kwa miguu kando ya mto Frati, siku mbili nzima kati ya matete na mabwawa. Majigambo yake, Mungu anisamehe, yamezidi mbu wa huko: ati njia anaijua hata akifumba macho. Juzi akapotea.

"Bwana, hapa si tulishapita?" mgeni mmoja akauliza.

"Nawaonyesha vizuri," akajibu.

Jioni ikasikika sauti ya dada yangu, mkewe, akimwita nyati wake wa kufugwa kwa jina aje akamuliwe. Nyati akatoka matopeni, akashika njia. Jahaish akamfuata kimyakimya, wageni nyuma yake, mpaka mlangoni.

"Kiongozi wenu mzuri?" dada akawauliza, huku akianza kumkamua nyati.

"Mno!" wakajibu. "Kumbe na maziwa anatoa?"